Dafrosa na Mizinga ya Askari

Zamani zile treni ya kutoka Tabora ilipokuwa bado mpya, na watu wa Magamba wakivaa nguo za Jumapili kwenda Mpanda kuitazama tu ikipumua, alikuwako mwanamke aitwaye Dafrosa ambaye kijiji kizima kilimsifu kwa mambo yasiyo yake. Walimsifu kwa ugali wake, ambao kusema kweli ulikuwa ugali wa kawaida. Walimsifu kwa upole, naye hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na wavivu wa kuchunguza huona hayo mawili ni kitu kimoja. Lile alilostahili kusifiwa hawakulijua. Alikuwa amelificha kwa miaka saba, na alilificha vizuri mno, mpaka likaja kumgeuka.

Mumewe alikuwa Hilari, na kabla ya vita Hilari alikuwa mrina asali ambaye wenzake walimtaja kwa wivu. Mizinga yake ya magome ilining'inia porini kuanzia nyuma ya mashamba mpaka mwendo wa siku nzima kuelekea magharibi. Alipanda miti mirefu kwa kamba moja iliyomzunguka yeye na shina, akateremsha lindo, kile chombo cha gome cha kutilia asali, limejaa masega, na huko juu alikuwa anaimba. Mwaka 1942 Keya, jeshi la Mwingereza, walimchukua. Akapigana Bama, nchi ambayo Dafrosa aliijua kwa jina tu, na mwaka 1946 akarudi na kabuti, medali, na kipande cha chuma ndani ya nyonga ambacho madaktari walikiacha humohumo kwa kuwa kukitoa kungemmaliza.

Aliweza kusimama, na aliweza kutembea kwa fimbo. Kukaa chini hakuweza mpaka mtu amshike amteremshe taratibu, na kuinuka vivyo hivyo. Kupanda mti ndiyo usiseme.

Jeshi lilimpa kiinua mgongo chake mara moja likamwambia kwa heri. Alipofika Tabora alinunua baiskeli, maana kila askari aliyeshuka behewa lile alinunua baiskeli, na Hilari hakutaka aonekane tofauti na wenziwe. Alipokuwa anaisukuma kutoka pale lori lilipomwacha, karibu kabisa na nyumbani, ndipo ilipomwingia akilini kwamba mguu wake hauwezi kuinuka kuivuka. Aliiegemeza ukutani. Watu walikuja kuisifu, yeye akaitikia asante, na kabla ya mvua za mwaka uliofuata ikauzwa.

Sasa ikabaki mizinga. Mwenye mizinga asiyeweza kupanda aliita mtu ampandie, na desturi ya pale ilikuwa mpandaji achukue nusu ya asali. Msimu wa kwanza walifanya hivyo. Lakini warina asali ni watu kama sisi: kila mmoja alianza na mizinga yake mwenyewe, akija kwa Hilari nyegere ameshapita amejilia. Hiyo iliyobaki ndiyo iliyogawanywa nusu kwa nusu. Dafrosa alitazama malindo mawili yaliyokuwa mbele yake, akamtazama mumewe aliyesimama mlangoni kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumkalisha, akaona wazi kwamba kwa mwendo huo hawafiki popote.

Mwanamke kupanda mzinga halikuwa jambo la kuzungumzika. Mwanamke alichuja asali, aliyeyusha nta, alitengeneza pombe, lakini chini ya mzinga hakusogea. Walisema akisogea nyuki watahama. Walisema pia, na hili ndilo lililouma, kwamba mumewe atakuwa kichekesho cha kila penye mtungi wa pombe. Kwa hiyo Dafrosa alikwenda kwa kaka yake, Ubaldo, aliyekuwa mkulima wa mihogo na hakuwa na habari na nyuki. Nyuki mmoja akimuuma, uso wa Ubaldo ulivimba mpaka macho yakafunga.

"Kaka, nataka unipe jina lako," Dafrosa akamwambia.

"Jina langu la nini?"

"Watu waseme wewe ndiye unamrinia shemeji yako. Nusu hutaichukua, maana kupanda hutapanda."

"Sasa atapanda nani?"

Dafrosa aliendelea kumenya mihogo ya wifi yake kama mtu aliyekuja kusaidia kazi tu. Ubaldo alimkodolea macho mpaka jibu likamwingia.

"Dada, una wazimu."

"Haya. Utakuja au hutakuja?"

Ubaldo alikuja.

Hilari hakusema ndiyo wala hapana. Alfajiri moja, kabla majirani hawajatoka, alimfunga Dafrosa kamba mwenyewe kwenye mninga uliokuwa nyuma ya nyumba, akaikaza, akaijaribu kwa kuivuta. "Mguu kwanza, kamba baadaye," alisema. "Ukianza na kamba utabaki unaning'inia." Basi. Tangu siku ile hawakulizungumza tena. Hilari alishona mizinga mipya akiwa amekaa, alisokota kamba, na asubuhi ya safari alizipanga mlangoni. Mkewe alizichukua akaenda porini na kaka yake, watu wakidhani anakwenda kumpikia tu, na mke wa Ubaldo akabaki kumkalisha na kumwinua Hilari. Dafrosa aliporudi, Hilari alimpa pole ya safari, kama unavyompa mtu aliyetoka kisimani.

Mara ya kwanza alitetemeka mpaka mti ukatetemeka naye, au ndivyo alivyoona. Alipofika kwenye mzinga alikuwa amesahau kienge cha moshi chini, ikabidi ashuke akakichukue, naye Ubaldo aliyejiviringisha blanketi kutoka utosini mpaka miguuni akamwomba waache waende zao. Alipanda tena. Siku ile aliumwa mikononi, shingoni, ndani ya nywele, na akashuka na asali. Msimu uliofuata aliumwa kidogo. Baada ya hapo akawa fundi, nalisema bila kupunguza. Alijua kupuliza moshi mdogo, wa kuwatuliza nyuki tu. Alijua masega ya kukata na masega ya kuwaachia ili wasihame, na hawakuhama, kinyume cha maneno yote ya wazee. Na kule juu, akiona kilima kimoja nyuma ya kingine mpaka upande wa ziwa, hakuna mtu aliyemwita kuja kuinua wala kuteremsha kitu. Alipapenda. Hilo hakumwambia hata Ubaldo.

Ubaldo naye akapata sifa za bure. Kila msimu ulipokwisha, kwenye pombe ya asali, alipewa kibuyu cha mpandaji, na wazee wakimtania kwamba uso wake hauvimbi tena, siku hizi nyuki wanamwogopa. Alikunywa kile kibuyu akitazama chini kama mtu aliyekamatwa shambani kwa watu.

Mwaka 1949 kamba ilikatika. Haikuwa juu sana, lakini Dafrosa alikuwa na mimba changa, na kwenye dago, kile kibanda cha warina asali porini, mimba ile ilitoka. Kaka yake alilia, yeye hakulia. Aliunga kamba, akalala siku tatu, akarudi nyumbani akasema aliteleza mtoni na mtungi, mimba ikatoka. Hilari alisema pole. Magamba nzima ilikuja kumpa pole kwa kuteleza.

Utauliza mtoto wao alikuwa wapi wakati haya yote yanatendeka. Mtoto wao mmoja, Evodi, alikuwa shule ya misheni Karema, na msimu wa asali ulimkuta hukohuko. Alipouliza ada inatoka wapi, mama yake alimwambia, "Serikali haijamsahau baba yako." Alimwambia hivyo akiwa mdogo, ili amheshimu yule mtu aliyesimama mlangoni. Akayarudia maneno hayo alipokuwa mkubwa kwa kuwa uongo ukishapata mazoea ni vigumu kuutoa nyumbani. Evodi alikua akiamini kwamba jeshi ni baba mwenye mkono mrefu: unalifanyia kazi miaka minne, linakulisha wewe na wako mpaka mwisho. Na kwa nini asiamini? Alikula vizuri. Alivaa vizuri. Paa lao halikuvuja.

Sasa tuje mwaka 1953. Evodi alikuwa na miaka kumi na tisa na kibarua kwenye mgodi wa madini ya risasi Mpanda, kibarua alichokichukia. Habari zikaja kwamba Keya wanaandikisha tena vijana, na sajini mmoja atapita Magamba. Evodi alitembea kutoka mgodini mpaka nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyepata mchumba.

"Baba, naingia Keya," alisema kabla hajanywa maji.

Uso wa Hilari ulifunguka. Dafrosa aliuona ukifunguka, na hapo ndipo alipoogopa. Maana Hilari, pamoja na chuma chake, hakuwahi kulichukia jeshi. Kule alikuwa mtu kati ya watu, na hapa alikuwa mtu wa kuteremshwa.

"Umefikiri?" Dafrosa akamuuliza mwanawe.

"Mama, nini cha kufikiri? Nikirudi mzima, sawa. Nikirudi kama baba, si mnaishi? Kuna siku tumelala njaa hapa?"

Dafrosa alichota maji, akampa mwanawe. Alikuwa amejifunga mwenyewe. Akisema kweli, atamvua mumewe nguo mbele ya mwanawe. Akinyamaza, mwanawe ataondoka akidhani askari aliyevunjika hugharimu kabuti la zamani tu. Alikwenda kwa Ubaldo.

"Sema, dada," Ubaldo akamwambia. "Mimi nimechoka na kile kibuyu."

"Nikisema nitamuua shemeji yako akiwa amesimama."

"Na usiposema?"

Alirudi nyumbani bila kusema. Nakwambia alikuwa jasiri, lakini ujasiri wa kupanda na ujasiri wa kusema si wa mfuko mmoja, na huu wa pili haukumjia.

Sajini alifika siku ya tatu. Aliitwa Maximilian, mtu wa Ufipa, mstaarabu, mwenye sauti ya kusikika bila kupiga kelele. Watu wakakusanyika uani kwa mwanangwa Kalisti, mkuu wa kijiji. Wakati wa vita watoto wa watu walichukuliwa juu kwa juu, na akina mama walikuja kulia uani pale mpaka Kalisti akakosa pa kukaa. Safari hii akaweka utaratibu wake: baba atasimama mbele ya wote, ashike mkono wa mwanawe, aukabidhi kwa mwanangwa, na mwanangwa aukabidhi kwa sajini. Bila hivyo hakuna kuandikishwa. Maximilian alikubali.

Alieleza yote kwa ukweli. Shati na viatu. Nyama. Daktari bila malipo. Mshahara kila mwezi, na kiinua mgongo siku ya kuondoka. Vijana walisimama mstari mmoja, Evodi wa pili kutoka mwanzo, kifua mbele. Dafrosa alikuwa upande wa wanawake. Baba wa kijana wa kwanza akatoa mkono, watu wakashangilia. Kisha likaitwa jina la Hilari.

Alikuja taratibu na fimbo yake, kabuti mwilini ingawa jua lilikuwa kali. Akaushika mkono wa Evodi. Kalisti akanyoosha wake kuupokea. Hilari hakuutoa.

"Bwana sajini amesema kweli tupu," alianza. "Viatu hivyo nilivivaa, na nyama hiyo niliila. Sina ugomvi na Keya. Lakini amehesabu ile miaka minne ya mwanzo. Mimi nina arobaini na moja, na baba yangu alikufa mkongwe. Hebu tuhesabu na hii iliyobaki."

Kalisti akashusha mkono.

"Nyie mnadhani nani ananilisha? Serikali? Serikali ilinilipa mara moja nikanunua baiskeli. Mnaikumbuka." Watu wakacheka, na Hilari akawasubiri. "Mnadhani Ubaldo? Ubaldo akiona nyuki anakimbia. Anayepanda ile mizinga ni mama Evodi. Mwaka wa saba huu."

Kicheko kikakatika. Dafrosa alitamani ardhi ipasuke. Kila jicho la Magamba lilimgeukia, na yeye alimtazama mumewe tu, akimsihi kwa macho anyamaze asijimalize.

"Haiwezekani," mzee mmoja akasema kutoka nyuma. "Nyuki wangehama."

"Asali yake umekunywa miaka yote hiyo, mzee," Ubaldo akamjibu akisimama. "Mimi nakaa chini na blanketi." Wakacheka tena, kicheko kingine sasa, na Ubaldo akakaa chini akiwa na uso wa mtu aliyetua mzigo.

Hilari hakucheka. "Kwa hiyo ongezeni mke wangu. Ongezeni shemeji yangu, anayeacha shamba lake katikati ya kazi. Halafu ongezeni mwaka arobaini na tisa." Akageukia upande wa wanawake. "Mliambiwa aliteleza mtoni. Na mimi niliambiwa. Lakini ile kamba niliisokota mimi, na iliporudi ilikuwa na fundo ambalo si langu. Mtu hasahau kamba yake. Nilisema pole nikanyamaza, maana ningesema nimejua ningelazimika kumkataza, na nikimkataza tule nini? Nilianza kusokota kamba nene zaidi. Ndilo nililoweza. Yule mtoto naye amekufa kwa vita vya Bama, bwana sajini, ila huko hayumo kwenye hesabu."

Dafrosa alishika kichwa kwa mikono miwili. Miaka minne alikuwa amelala na siri ile upande wake, na mumewe upande wake amelala nayo ileile. Alimkasirikia. Alimkasirikia sana, na hapohapo alimpenda kuliko siku aliyoolewa naye, akashindwa kujua ataanza na lipi.

"Na mimi bado sijazeeka," Hilari akaendelea. "Nikizeeka, mama Evodi naye atakuwa amezeeka. Miti itakuwa mirefu vilevile. Nani atapanda? Mwanangu, sikukatazi. Nilitaka ujue ndipo uniambie. Ukisema unakwenda, mkono nautoa sasa hivi."

Evodi aligeuka. Alikuwa anamtazama mama yake. Alitazama mikono yake, zile alama nyeusi za kamba juu ya viwiko ambazo tangu utotoni alidhani ni za kuni.

Nyonga ya Hilari haikuzoea kusimama muda mrefu hivyo bila ukuta. Ilikaza. Fimbo ikaanza kutetemeka, naye akayumba. Dafrosa aliona kabla ya mtu yeyote, akatoka mbio upande wa wanawake kama alivyotoka kila siku, popote alipokuwa. Lakini Evodi alikuwa karibu zaidi. Aliacha mstari, akamdaka baba yake mkono, akamvuta, na Hilari akaguna kwa maumivu.

"Makwapani," Dafrosa akamwambia. "Usimvute. Mshike umsubiri, ataegemea mwenyewe."

Evodi akaingiza mikono makwapani mwa baba yake, akasubiri. Hilari akaegemea. Uzito wote ukamjia kijana kifuani: kabuti, mifupa, na chuma. Magoti yalimpinda, akayakaza. Wakaanza kuteremka taratibu, uani pale mbele ya watu wote, na Dafrosa akasimama hatua moja kando, mikono ikiwa imenyooshwa tayari, haina cha kushika. Hakujua aiweke wapi. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Hilari akafika chini. Evodi akabaki amechuchumaa nyuma yake, anahema, jasho likimdondoka puani, akainua macho.

"Mama. Ni mzito hivi?"

"Ndivyo alivyo," Dafrosa akasema. "Asubuhi na jioni."

Sajini Maximilian alisubiri kwa adabu, kofia mkononi. Kisha, alipoona kijana hainuki, akaita jina lililofuata.